Sura ya Tatu: Figo la Salah Lafika Polisi

Chupa ya soda ilitua juu ya meza ya Inspekta Sora kwa kishindo kilichorusha kalamu. Ndani yake mlikuwa na maji mekundu, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

"Hiyo ni figo yangu," akasema aliyeileta. "Wameua. Shika mtu."

Sora Jirma alikuwa Mborana wa Buna, mwaka wa pili akiwa Garissa, na watu wenye hasira hawakuwa wageni kwake. Alikwisha kuletewa mbuzi aliyenyongwa. Alikwisha kuletewa meno mawili ya binadamu, na mwenyewe amefuatana nayo, akipiga kelele kwa mwanya. Figo ndilo lilikuwa halijapata kufika stesheni.

"Unaitwa nani, mzee?"

"Salah Korane wa Hadado. Nauza ngamia. Nani hajui mimi?"

"Mimi."

"Basi sasa unajua."

Alikuwa pande la mtu, ndevu zimepakwa hina, na sauti ya kuita ngamia waliokwisha kuvuka upeo. Bila kuombwa akapandisha shati. Kovu lilimzunguka ubavuni, refu, nene, kama kamba iliyoshonewa ndani ya ngozi.

"Ona! Hapa ndiyo walitoa. Ndugu yangu Billow, yule ana duka ya nguo mtaa ya Iftin, figo zake zilikufa zote mbili. Nani alitoa yake? Watu wote walikuwa na mgongo unauma siku hiyo. Mimi nilitoa! Mwaka mbili imefanya kazi fizuri. Sasa nakwenda kumwona, namkuta amefimba uso kama mkate. Naangalia choo, naona hii." Akaipiga chupa kofi. "Anakojoa figo yangu kidogo kidogo!"

"Billow mwenyewe yuko wapi?"

"Hosbitali, tangu alfajiri."

"Ndugu yako yuko hospitali, na mkojo wake umeleta polisi?"

"Hosbitali wanatibu. Mimi sitaki kutibu, nataka kushika mtu!"

Sora akaitazama chupa. Akamtazama Salah. Sheria ya kazi yake ilisema kinacholetwa na mlalamishi ni kidhibiti, na kidhibiti hufungiwa kabatini hadi kipelekwe Nairobi kwa mkemia wa serikali. Akaifungia kabatini. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza siku hiyo, na alilifanya kwa unadhifu mkubwa, funguo mara mbili.

"Unamshuku nani?"

"Wawili. Kwanza Ogle, yule wa kemisti. Dawa ya Billow inatoka Nairobi, inafikia kwake. Yule anauza hata fifuli ya mtu. Wa bili, bibi yake Billow." Salah akashusha sauti, yaani sasa ilisikika hadi langoni tu. "Sadiyo. Kila asubuhi anatoka amefunika uso, anakwenda upande ya chini. Mwanamke ya nyumba ana safari gani kila siku? Nimesema, Mborana. Fuata yeye."

"Inspekta," akasema Sora.

"Fuata yeye, Insbekta."

* * *

"Nani ameacha kumpa mtu huyu dawa?"

Ndiyo salamu aliyopata Sora alipoingia wodi ya wanaume. Daktari Mwandawiro alikuwa mwanamke mfupi, Mtaita, na hasira yake ilikuwa ndefu kuliko yeye.

"Nimekuja kuuliza swali hilo hilo," Sora akajibu.

"Basi tuko wajinga wawili. Tazama."

Billow alilala chali. Uso ulikuwa umejaa maji, macho yamebaki vijitundu. Alikuwa na fulana nyeupe, na kwapani fulana hiyo ilikuwa imegeuka rangi ya chungwa. Sora akaiona, akasema moyoni ni vumbi la Garissa. Vumbi la Garissa husingiziwa mengi.

"Sijakosa hata siku moja," Billow akanong'ona. "Wallahi, afande. Asubuhi na jioni."

Daktari akamvuta Sora hadi dirishani. "Wiki jana nilipeleka damu yake Nairobi wapime kiasi cha dawa. Leo wamepiga simu. Kwa damu ile, mtu huyu ni kama hajawahi kumeza saiklosporini maishani mwake. Anaapa anameza. Damu inaapa hamezi. Mmoja wao ni mwongo, na damu haina sababu."

"Nieleze hiyo dawa inafanya nini. Nieleze kama mtu wa mifugo."

"Mimi ng'ombe wetu walikuwa wanne na wote walikuwa na majina. Lakini nimekaa hapa, nimejifunza." Akakunja mikono. "Ngamia wa ukoo mmoja wana chapa moja, sivyo?"

"Ndiyo. Lakini sikio kila mwenye mali hulikata kwa namna yake."

"Vizuri. Figo la Salah lina chapa ya ukoo, ndiyo maana lilikubalika. Lakini sikio limekatwa vingine. Na mwili wa Billow una wachungaji wake, chembe nyeupe za damu. Mmoja akiona kisimani sikio asilolijua, hapigani peke yake. Anapiga mbiu, wenzake wanazaana kwa maelfu, wanamshukia mgeni kwa fimbo mpaka afe. Saiklosporini haiui wachungaji. Inamziba mdomo mpiga mbiu. Mgeni anakunywa maji kwa amani, na Billow anakojoa kama watu. Ziko nyingine mbili anazomeza kuisaidia, lakini hii ndiyo nguzo."

"Na fisi akija kisimani?"

Daktari akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye kichwa. "Hapo ndipo penye ubaya. Mbiu ikizibwa kwa mgeni, imezibwa kwa fisi pia. Mwenye kutumia dawa hii huokota kila ugonjwa unaopita njia. Ndiyo maana tunapima damu: dawa ikipungua, figo linakufa; ikizidi, anakufa mwenye figo."

"Ni ya wenye figo la kupewa tu?"

"Dawa za jamii hii? La. Kuna watu wachungaji wao wamerukwa na akili, wanawapiga ngamia wa nyumbani. Viungo vinavimba, ngozi inababuka, figo za mtoto zinavuja bila kuumwa na chochote. Hao nao tunawatuliza wachungaji wao. Inspekta, mimi sina siku ya kukufundisha. Msafara wa Nairobi unaondoka adhuhuri, na bila askari wa kusindikiza hakuna dereva atakayenipitishia mgonjwa kwenye njia ile ya majambazi. Nikimpeleka bila jibu, watamjazia dawa ileile, nayo itapotea kulekule ilikopotelea ya kwanza. Figo hilo halina nafasi ya mara mbili."

"Dawa hupoteaje mwilini?"

"Humezi. Au umemeza kitu cha bandia. Au unameza na kitu kingine kinachoifukuza."

"Kitu kama nini?"

"Viko. Nimemuuliza mara tatu. Anasema hamezi hata panadoli."

Kitandani, Billow akageuza uso ukutani.

* * *

Ogle wa kemisti alikuwa na masikio makubwa na duka dogo, na Sora aliingia humo kama mtu anayetafuta cha kuvunja.

"Dawa ya Billow Korane. Umeitia nini?"

"Bismillahi! Hata salamu hakuna?"

"Salamu utapewa na hakimu."

Ogle akaweka chini boksi la mafuta ya nywele. Uso wake ukawa mwekundu, kisha mweusi, kisha ukapata maneno. "Afande, ile dawa inakuja kutoka Nairobi imefungwa, inaondoka hapa imefungwa. Lakini tuseme mimi ni mwizi. Sawa? Tuseme nimemwibia ile ya kweli. Nimuuzie nani? Garissa nzima, tangu mtoni mpaka kiwanja cha ndege, ni mtu mmoja tu anayeitumia. Nimwibie Billow nimuuzie Billow?"

Sora akapiga hesabu. Ni kweli, mwizi mwenye mteja mmoja ni mwizi mwenye hasara.

"Halafu nani kakutuma? Salah! Yule mtu kila siku anasimama hapo nje ya duka langu, anapandisha shati. Wateja wangu wanakuja kununua dawa ya minyoo wanaonyeshwa kovu! Mtu alitoa figo moja, amedai shukrani za figo kumi."

"Billow hununua nini kwako?"

"Hanunui kitu. Alikuwa ananunua, kabla ya mvua. Dawa ya kikohozi, chupa juu ya chupa. Halafu ghafla akaacha."

"Alipona?"

"Nilidhani amenihama. Hata nilimnunia msikitini."

Sora akaisogelea kaunta. Mtu ambaye wachungaji wake wamezibwa mdomo alikuwa amekohoa, na hakumwambia daktari wake. "Na mkewe? Kila asubuhi huenda wapi?"

Hasira ya Ogle ikaisha ghafla, kama mtu aliyekanyaga siri ya watu. Akachungulia mlangoni. "Usiseme nimesema mimi. Ana wadogo zake wa kike, bado hawajaposwa. Anakwenda manyata."

"Manyata gani?"

"Ya TB, afande. Kwani iko nyingine?"

* * *

Manyata ya TB ilikuwa nje kidogo ya mji: vibanda vya herio, mikeka ya nyuzi za miti, vile vile vya wafugaji, ila hivi havikuwa na ngamia wa kuvihamisha. Watu wa afya waliijenga kwa sababu mfugaji akipewa vidonge vya miezi aende navyo porini, humeza mpaka siku kikohozi kinapopoa, kisha huvitupa. Kwa hiyo hukaa hapo, na kila asubuhi humeza mbele ya muuguzi, akafunua mdomo, akakaguliwa kama ngamia wa mnada. Wa mjini huruhusiwa kulala kwao na kuja kila asubuhi. Na anayeonekana akiingia pale, habari humtangulia nyumbani. Ugonjwa huo watu wa huku huuogopa kwa jina lake la Kisomali: nyumba ikisemwa ina qaaxo, wachumba huanza kukumbuka safari za mbali.

Sora akakanyaga mchanga wenye baka jekundu nyuma ya kibanda cha kwanza. Akaruka.

"Damu!"

"Damu gani?" Muuguzi Muslimo alisimama na sinia la vikombe, mwanamke mpana, asiyeonekana kupenda polisi wanaorukaruka. "Mtu amekojoa. Hapa wote wanakojoa rangi hiyo, ni ile dawa ya TB, rifampisini. Jasho, machozi, mate, kila kinachotoka kinakuwa chekundu ama rangi ya chungwa. Wageni hulia siku ya kwanza, wanadhani wamekufa tayari."

Sora akasimama palepale. Kabatini mwake, kwa funguo mara mbili, kulikuwa na chupa ya soda. Na wodini kulikuwa na fulana ambayo hakuna vumbi lililoigusa.

"Dawa hii," akauliza polepole, "inagombana na dawa nyingine?"

"Uliza isiyogombana nayo! Ini likiionja tu linapata wazimu wa kazi, linafagia nje kila dawa inayolikuta. Wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya kupanga uzazi wanakuja kunitukana hapa na mimba."

"Na saiklosporini?"

"Hiyo siijui. Hapa hatunayo."

"Sadiyo, mke wa Billow wa Iftin, ni mgonjwa wako?"

Muslimo akasita, kisha akamwonyesha kwa kidevu. "Mgonjwa wangu mzuri kuliko wote. Makohozi yake ya kwanza yalikuwa na vijidudu kama mchele sokoni. Tazama sasa, hata simsikii akikohoa."

Sora akatazama. Sadiyo alikuwa mnene, mwepesi wa miguu, shingo laini kama ya bibi harusi. Sora aliwahi kumwona mtu wa TB. Hakuwa na shingo hiyo. Sadiyo akapokea vidonge, akanywa maji, akafunua mdomo, Muslimo akachungulia na kumpiga bega. Kisha akateremsha ushungi, akatoka nje ya uzio, akageukia nyuma ya mti wa mgunga, akainamisha kichwa ndani ya kitambaa.

Alipokiinua, Sora alikuwa mbele yake.

"Abaayo, dada yangu. Nipe kitambaa."

Akakikumbatia kifuani. Macho juu ya ushungi yalikuwa ya mtu aliyechoka muda mrefu na kukasirika muda mrefu zaidi. "Niache nipite."

"Mumeo anakufa."

"Najua mume wangu anafanyaje! Wewe ndiye usiyejua!"

"Basi niambie unachojua."

"Siwezi." Walikuwa wakiongea Kisomali, na sauti yake ilikatika kama kisu kimepita. "Ameniwekea talaka. Neno moja likinitoka kuhusu jambo hili, nimeachika tatu. Una mke, afande? Basi niache."

Sora akavua kofia. Angeweza kumtia ndani. Angeweza kumpigia kelele mpaka manyata yote ikusanyike. Lakini mwanamke mwenye talaka ya sharti shingoni, ukimtoa neno kwa nguvu umeibomoa nyumba, na hakuna mahakama ya Garissa itakayoijenga tena.

"Basi usiseme," akasema. "Nitasema mimi. Nikipotea njia, simama uende zako, sitakufuata. Nikiwa njiani, kaa."

Hapo palikuwa na jerikeni lililopinduliwa. Sadiyo akalitazama kwa muda, akaketi.

"Mumeo alianza kukohoa kabla ya mvua. Dawa ya Ogle haikusaidia kitu."

Akakaa.

"Mkajua ni nini. Mkaogopa jina lake. Makohozi aliyoletewa Muslimo, kopo lilikuwa na jina lako, lakini kifua kilichoyatoa si chako."

Akafukuza nzi. Akakaa.

"Tangu hapo unakuja, unaficha dawa shavuni, unatema, unampelekea. Akapona kikohozi. Wewe ukabeba jina baya badala yake, na wadogo zako wakalibeba nawe."

Kifua chake kilipanda na kushuka. Akakaa.

"Hakumwambia daktari kwa sababu aliogopa kulazwa humu manyata."

Sadiyo akasimama. Akatia kitambaa kwapani, akapiga hatua.

"Ngoja! Nimepotea. Rudi." Sora akajikuna kichwa, akaitazama nafsi yake kwa hasira, kisha akasikia sauti ya kuita ngamia, iliyokuwa bado imemkaa masikioni tangu asubuhi. "Hakuogopa daktari. Alimwogopa Salah."

Jerikeni lililia. Alikuwa ameketi kwa uzito wote.

Kisha akashusha ushungi na kutoa ulimi. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye mzizi, na mashavu ndani mekundu, kama mtoto aliyeiba rangi ya duka. Akakifungua kitambaa. Vidonge vilikuwa vimeanza kuyeyuka humo. Vya leo. Vilikuwa vikielekea hospitali, kwenye chai ya Billow.

"Abaayo," Sora akasema, "dawa hii ndiyo inayoua figo. Ninavyoelewa, ikiingia mwilini, ini linaifagia nje ile ya Nairobi. Anaimeza kila siku kama anavyoapa, na kila siku inatupwa. Si mwongo. Damu yake nayo si mwongo."

Sadiyo akakikunja kitambaa kwa nguvu. Kisha akainuka, na hasira iliyotoka katika kinywa kile chekundu ilimfanya Sora arudi nyuma hatua.

"Dawa ya serikali inaua dawa ya serikali? Na hakuna aliyeniambia?"

"Ungemuuliza nani? Ulifungwa mdomo."

"Si mimi niliyejifunga!"

Akakitupa kitambaa kifuani mwa Sora, akakusanya vazi lake kwa mikono miwili, akaanza kukimbia. Inspekta wa polisi, mwenye viatu vya serikali na cheo, alimfikia Sadiyo mlangoni mwa wodi tu, na hapo ni kwa sababu mlinzi alimzuia.

* * *

Salah alikuwa amesimama kando ya kitanda cha ndugu yake, shati limepanda, akimweleza mgonjwa wa kitanda cha pili mahali kisu kilipoingilia.

Sora akampita. Akakiweka kitambaa mkononi mwa daktari. "Rifampisini. Anaimeza tangu mvua. Na nina chupa ya mkojo mwekundu kabatini."

Daktari Mwandawiro akavitazama vidonge. Akamtazama Sora. "Mkojo mwekundu. Tangu lini unao?"

"Tangu asubuhi. Ni kidhibiti."

"Kidhibiti!" Wodi nzima ikageuka. "Mgonjwa wangu hajanipa hata tone la mkojo tangu alazwe, najikuna kichwa hapa, na wewe umeufungia na kufuli? Ningeuona ningejua kabla hujavaa kofia! Sista! Hakuna chai, hakuna kitu kitakachoingia mdomoni mwa mtu huyu bila mkono wangu. Leta drip. Leta prednisolone ya sindano." Alikwisha kuanza kukunja mikono ya koti. "Kifua tutakitibu kwa dawa nyingine, zisizogombana. Nairobi wataipandisha saiklosporini mara kadhaa na kupima kila siku, maana ini halisahau haraka, litafagia kwa siku nyingi bado."

"Figo litapona?" Sora akauliza.

"Wachungaji wameshaanza kulipiga. Tunaweza kuwazuia mikono, kama hawajalivunja. Asubuhi jibu langu lingekuwa hapana."

Salah alikuwa akigeuza shingo kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kisha akamwona Sadiyo mlangoni, mdomo wazi akihema, ulimi mwekundu.

"Wewe!" Kitanda cha pili kilitetemeka. "Wewe ndiyo umeleta! Umeleta qaaxo ndani ya nyumba ya ndugu yangu, unampa dawa yako! Insbekta, shika yeye! Billow, acha huyu mwanamke. Acha sasa hivi, mimi ni shahidi. Ameua figo yangu!"

Sadiyo alimtazama mumewe. Meno yake yalikuwa yameumana kiasi kwamba mishipa ya shingo ilionekana.

"Hajakuambia?" Billow akamuuliza Sora, kwa sauti ndogo.

"Hajatamka hata neno. Nimesema mimi, yeye alikuwa amekaa juu ya jerikeni."

Billow akajisukuma na viwiko mpaka akaketi. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Qaaxo ni yangu," akasema. "Makohozi ni yangu. Mimi ndiye nilimwapia talaka. Salah, usimguse kwa mdomo wako."

"Yako? Kwa nini hukusema? Kwa nini hukuambia mimi?"

"Nikuambie wewe?" Uso ule uliojaa maji ukapata damu mahali fulani. "Miaka miwili sasa. Kila ukija mjini unapiga mlango alfajiri kuuliza figo lako limelalaje. Limekunywa maji? Limekula chumvi? Unanitoa dukani mbele ya wateja unanibonyeza tumbo. Kuna siku umeuliza mimi nimelalaje? Kikohozi kilipokuja nikasema, huyu akijua, atasimama sokoni atangaze nimemlipa ugonjwa kwa figo lake. Nikaona bora nife. Lakini ningekufa nalo, na bado ungenidai!"

Salah akalishusha shati.

"Basi, basi," daktari akasema. "Mtagombana akipona. Msafara haungoji. Nani anafuatana naye?"

"Mimi," Salah akasema haraka. "Ni figo..."

"Sadiyo," akasema Billow.

Wakamwingiza Landrova ya hospitali, drip imening'inia kwenye ndoano ya dari. Sora mwenyewe alikwenda mpaka kwenye kizuizi cha barabara, akampandia juu mkuu wa msafara kwa matusi ya Kiborana na ya Kiswahili hadi gari la wagonjwa likawekwa katikati, askari mbele na nyuma. Sadiyo alipanda bila kumtazama mtu. Akaketi sakafuni kando ya machela, akaweka mkono juu ya tumbo la mumewe, juu ya figo lile, kisha akauhamishia kwenye paji la uso. Akasema kitu kifupi na kikali sana. Billow akafumba macho, akaitikia kwa kichwa mara nyingi.

Aliporudi hospitalini, Sora alimkuta Salah bado uani, na daktari amesimama mbele yake na kopo lenye kifuniko.

"Umekuwa ukishinda chumba kimoja na mtu wa TB," daktari alikuwa akisema. "Umembonyeza tumbo, umempumulia usoni. Kohoa humu, kutoka chini kabisa. Kisha kwa asubuhi tatu utapeleka mengine manyata, kwa Muslimo."

"Mimi? Manyata?" Salah akacheka, akaangalia kama kuna mwingine anayecheka. Langoni walikaa watu wanaongoja kuona wagonjwa wao, na wengi walikuwa wanunuzi wa ngamia. Akamshika Sora mkono, akamvuta kando, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika mahali popote.

"Insbekta. Walaal, ndugu yangu. Ile manyata... iko mlango ya nyuma?"

Sora alikuwa hajala tangu asubuhi. Viatu vilikuwa vimejaa mchanga kwa kukimbizana na mwanamke aliyebeba jina baya la mtu mwingine kinywani, asubuhi baada ya asubuhi, kupitia mlango wa mbele, mchana kweupe, mpaka ulimi ukabadilika rangi. Akaubandua mkono wa Salah kidole kimoja kimoja.

"Hakuna," akasema, kwa sauti ya kufika langoni. "Kohoa, mzee. Watu wote wanakujua."